Mshahara wa mkurugenzi na msaada wa malezi ya watoto Uingereza: Kwa nini gawio halikusaidii

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara anayekusanya mizigo mashariki mwa London na kuipakia kwenye kontena kwenda Mombasa au Dar es Salaam mara nyingi huwa na kampuni yake mwenyewe. Yeye ndiye mkurugenzi, ndiye mwenye hisa, ndiye dereva wa gari la kukusanyia mapipa na maboksi, na pengine mkewe ndiye anayeandika risiti. Faida inapatikana na kodi inalipwa kila mwaka. Lakini siku anapoomba msaada wa serikali wa kulipia chekechea ya mtoto, anajibiwa kwamba kipato chake hakitoshi.

Jibu hilo huwashangaza wengi. Mtu anayechukua pauni 36,500 kwa mwaka kutoka kwenye kampuni yake anaambiwa hajafikia kima cha chini, wakati jirani yake anayefanya usafi ofisini saa 20 kwa wiki amekubaliwa. Hapo kompyuta ya serikali haijakosea. Tatizo ni njia ambayo fedha zimetokea kwenye kampuni kuingia mfukoni mwa mkurugenzi.

Makala hii inaeleza jambo hilo hatua kwa hatua kwa ajili ya wasomaji wetu wenye kampuni Uingereza, wenye washirika au ndugu huko, na wale wanaofikiria kufungua tawi. Fedha zinazohusika si kidogo. Kwa familia yenye mtoto mmoja zinaweza kuzidi nauli ya kontena zima.

MISAADA YENYEWE NI IPI?

Ipo miwili inayowahusu zaidi wazazi wanaofanya kazi.

Wa kwanza ni mpango uitwao Tax-Free Childcare, ulioanza mwaka 2017 na unaotumika Uingereza yote, pamoja na Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Mzazi hufungua akaunti maalumu kwenye mtandao. Kila anapoweka pauni 8, serikali huongeza pauni 2. Kiwango cha juu cha nyongeza ni pauni 500 kila miezi 3, yaani pauni 2,000 kwa mwaka kwa kila mtoto. Kwa mtoto mwenye ulemavu ni mara mbili, pauni 4,000 kwa mwaka. Msaada huu unaendelea hata mtoto akishaanza shule, hadi Septemba baada ya kutimiza miaka 11, na unaweza kulipia malezi ya kabla na baada ya masomo au ya wakati wa likizo.

Wa pili ni saa 30 za malezi kwa wiki bila malipo, na huu ni kwa wakazi wa England. Tangu Septemba 2025 unawahusu watoto kuanzia miezi 9 hadi umri wa kuanza shule, wiki 38 kwa mwaka. Jumla ni saa 1,140. Tuseme chekechea inatoza pauni 7 kwa saa: saa hizo peke yake zina thamani ya pauni 7,980 kwa mwaka. Chekechea inaweza kudai malipo ya chakula na vitu vidogo vidogo, lakini mzigo mkubwa unakuwa umeondoka.

Misaada hii miwili inaweza kutumika kwa pamoja, na masharti yake ya kipato ni yale yale. Ndiyo maana mkurugenzi akikosea mpangilio wa malipo yake, anaikosa yote miwili kwa mpigo.

Mtoto wa miaka 3 au 4 anayeishi England hupata saa 15 kwa wiki bila kujali kipato cha wazazi. Hizo hata mkurugenzi aliyekataliwa huzipata. Kinachopotea ni saa 15 za ziada, na saa zote 30 kwa mtoto mdogo zaidi.

KWA NINI WAKURUGENZI HUJILIPA MSHAHARA MDOGO?

Mwenye kampuni ya Uingereza, ile inayomalizia jina lake kwa Ltd, anaweza kuchukua fedha kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni mshahara kama mfanyakazi wa kampuni. Njia ya pili ni gawio kama mwenye hisa, baada ya kampuni kulipa kodi yake.

Mshahara huambatana na michango ya Bima ya Taifa, na gawio halina mchango huo. Kwa hiyo kwa miaka mingi ushauri wa wahasibu umekuwa mmoja: mkurugenzi ajilipe mshahara mdogo, halafu fedha nyingine azitoe kama gawio.

Mkurugenzi asiye na mkataba wa ajira hafungwi na sheria ya kima cha chini cha mshahara, hivyo anaweza kujilipa kidogo kuliko kijana anayemsaidia kubeba mizigo, na bila kuvunja sheria yoyote.

Viwango ambavyo wahasibu hupendelea vinafuata mipaka ya kodi. Kuanzia Aprili 2022 hadi Aprili 2025 wengi waliweka pauni 9,100 kwa mwaka, kwa sababu hapo ndipo kampuni ilipoanza kulipa mchango wa mwajiri. Aprili 2025 mpaka huo ulishushwa hadi pauni 5,000 na mchango ukapandishwa kutoka asilimia 13.8 hadi 15. Wengine wakashusha mishahara hadi pauni 5,000. Wengine wakaweka pauni 6,500, kiasi kilichotosha katika mwaka wa kodi wa 2025/26 kumhesabia mkurugenzi mwaka wa pensheni ya serikali. Wengine wakapanda hadi pauni 12,570, ambacho ni kiwango kisichotozwa kodi ya mapato.

Kwa mtu asiye na mtoto mdogo, tofauti kati ya viwango hivi ni ya pauni mia chache. Mwenye mtoto wa chekechea hesabu yake ni nyingine kabisa.

KIMA CHA CHINI: MSHAHARA NDIO UNAOHESABIWA

Sharti la kwanza la misaada yote miwili ni kwamba kila mzazi atarajie kupata, katika miezi 3 ijayo, angalau kiasi ambacho mtu wa kima cha chini angelipwa kwa saa 16 kwa wiki.

Kuanzia Aprili 2026 kima cha chini kwa mwenye miaka 21 na zaidi ni pauni 12.71 kwa saa. Ukizidisha mara 16 unapata pauni 203.36 kwa wiki. Kwa wiki 13 ni takriban pauni 2,644, na kwa mwaka mzima ni takriban pauni 10,575.

Hutakiwi kuthibitisha kwamba unafanya kazi saa 16 kila wiki. Mtu mwenye ujira mkubwa anaweza kufanya saa 6 tu akakubaliwa. Kinachoangaliwa ni kiasi cha fedha, na fedha hizo ziwe zimetokana na kazi.

Hapo ndipo wakurugenzi wanapokwama. Katika kutafuta kima hicho, serikali haihesabu gawio. Haihesabu pia riba ya benki, kodi ya nyumba uliyopangisha, wala pensheni. Mkurugenzi mwenye mshahara wa pauni 6,500 na gawio la pauni 30,000 anahesabiwa kuwa na pauni 6,500 tu. Kwa miezi 3 hiyo ni pauni 1,625, wakati zinatakiwa 2,644. Ombi linakataliwa.

Tuviweke viwango vile vya wahasibu kwenye mizani, kwa kipimo cha Aprili 2026:

- Mshahara wa 5,000 kwa mwaka: pauni 1,250 kwa miezi 3. Haufiki.
- Mshahara wa 6,500: pauni 1,625. Haufiki.
- Mshahara wa 9,100: pauni 2,275. Haufiki.
- Mshahara wa 12,570: pauni 3,142. Unafika.

SOMO LA PAUNI 9,100

Kiwango cha pauni 9,100 kina fundisho lake. Aprili 2022 kima cha chini kilikuwa pauni 9.50 kwa saa, na sharti la mwaka likawa pauni 7,904. Mkurugenzi wa pauni 9,100 alikubaliwa. Aprili 2023 kima kikawa pauni 10.42 na sharti likafika takriban pauni 8,669. Bado alikubaliwa. Aprili 2024 kima kikawa pauni 11.44, sharti likapanda hadi takriban pauni 9,518, na mkurugenzi huyo akaachwa nje.

Mshahara wake ulikuwa ule ule, na kanuni ya saa 16 ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kima cha chini, ambacho hupandishwa kila Aprili. Mtu aliyeweka mshahara wake mara moja na kusahau, alijikuta amepitwa kwa pauni 418 kwa mwaka, na kwa pengo hilo dogo akapoteza msaada wa maelfu.

Hata pauni 12,570 haitadumu milele. Kiwango hicho kisichotozwa kodi kimegandishwa tangu 2021, na serikali imetangaza kwamba kitabaki hivyo hadi Aprili 2031. Kima cha chini nacho kinapanda kila mwaka. Siku kitakapovuka pauni 15.10 kwa saa, mshahara wa 12,570 nao utakuwa hautoshi. Kwa hiyo kila Machi, kabla mwaka mpya wa kodi haujaanza, piga hesabu upya.

JE, KUPANDISHA MSHAHARA KUNAGHARIMU KIASI GANI?

Wengi huogopa kupandisha mshahara kwa sababu ya mchango wa Bima ya Taifa. Tuangalie mfano.

Tuseme mkurugenzi ni peke yake kwenye kampuni. Mshahara wake ni pauni 6,500, na faida ya kampuni haizidi pauni 50,000, kwa hiyo kodi ya kampuni ni asilimia 19. Anaamua kupanda hadi pauni 12,570.

Nyongeza ya mshahara ni pauni 6,070. Mchango wa mwajiri wa asilimia 15 kwenye nyongeza hiyo ni pauni 910.50. Jumla kampuni inatoa pauni 6,980.50 zaidi.

Lakini mshahara pamoja na mchango wake huondolewa kwenye faida kabla ya kodi ya kampuni. Kampuni inaokoa asilimia 19 ya 6,980.50, ambayo ni pauni 1,326. Kwa hiyo gharama halisi kwa kampuni ni takriban pauni 5,654. Hizo ndizo fedha ambazo angezichukua kama gawio.

Mkurugenzi ameacha gawio la 5,654 na amepata mshahara wa 6,070. Kwa kuwa amebaki ndani ya kiwango kisichotozwa kodi, mshahara huo haukatwi kodi ya mapato wala mchango wa mfanyakazi. Amebaki na ziada ya karibu pauni 416, kabla hata hatujataja mtoto.

Yaani katika mfano huu mshahara mdogo haukumwokolea kitu. Ulimpotezea pauni 416, ukamnyima hadi pauni 2,000 za Tax-Free Childcare, ukamnyima na saa za chekechea.

Wakiwa wakurugenzi wawili, na kila mmoja analipwa zaidi ya pauni 5,000, hali ni nzuri zaidi. Kampuni inaweza kudai nafuu iitwayo Employment Allowance, ambayo tangu Aprili 2025 inafuta hadi pauni 10,500 za mchango wa mwajiri kwa mwaka. Kampuni ambayo mtu wake pekee wa kulipiwa mchango ni mkurugenzi mmoja haipati nafuu hiyo.

Mfano huu unahusu mtu asiye na ajira nyingine. Ukiwa umeajiriwa pia kwingine na kiwango chako kisichotozwa kodi kimekwisha huko, hesabu itabadilika. Hata hivyo mshahara wa ajira hiyo ya pili nao unahesabiwa kwenye kima cha chini.

WAZAZI WOTE WAWILI LAZIMA WAFIKE

Kama unaishi na mwenzi, kila mmoja wenu anapimwa peke yake. Mke muuguzi mwenye mshahara wa pauni 38,000 hawezi kumbeba mume mkurugenzi mwenye mshahara wa 6,500. Mume asipofika, familia nzima inakosa.

Upo msamaha kwa mwenzi asiyeweza kufanya kazi kwa sababu ya ulemavu au ugonjwa, au anayemuuguza mtu, ikiwa anapokea mafao fulani ya serikali yanayotambuliwa. Kukaa nyumbani kwa hiari si sababu ya kusamehewa.

Kwa sababu hiyo wapo wanaofikiria kumwandika mke au mume kwenye orodha ya mishahara ya kampuni. Hilo linaruhusiwa iwapo anafanya kazi kweli: anapokea simu za wateja, anaandaa orodha ya mizigo, anafuatilia nyaraka za forodha. Malipo yalingane na kazi na fedha ziingie kwenye akaunti yake. Mshahara wa jina tu unaweza kukataliwa na mamlaka ya kodi, HMRC, kama gharama ya kampuni, na msaada uliochukuliwa kwa maelezo yasiyo ya kweli hudaiwa urudishwe pamoja na adhabu.

KIKOMO CHA JUU: HAPA GAWIO LINAHESABIWA

Upande wa pili wa sheria nao una mtego. Mzazi anayetarajia kipato cha zaidi ya pauni 100,000 katika mwaka wa kodi hapati msaada wowote kati ya hii miwili. Na katika kupima kikomo hiki, gawio linahesabiwa lote. Riba na kodi ya nyumba pia zinahesabiwa.

Kwa maneno mengine, gawio halikusaidii unapotafuta kima cha chini, lakini linakuumiza unapokaribia kikomo cha juu. Kosa la wengi ni kudhani kwamba kinachoachwa upande mmoja kinaachwa na upande wa pili.

Kikomo hiki hakipungui taratibu. Mwenye pauni 100,000 kamili anapata msaada wote. Mwenye pauni 100,001 hapati hata senti. Na kwa kuwa kila mzazi anapimwa peke yake, mume na mke wenye pauni 99,000 kila mmoja wanakubaliwa, lakini familia ya mume mwenye 101,000 na mke mwenye 20,000 inakataliwa.

Tuseme mwenye malori anajilipa mshahara wa 12,570 na gawio la 90,000. Jumla ni pauni 102,570. Amezidi kwa pauni 2,570. Anaweza kufanya nini kihalali?

Kwanza, anaweza kuacha pauni 3,000 ndani ya kampuni na kuzichukua mwaka unaofuata. Mwaka wa kodi wa Uingereza unaanza 6 Aprili na kuisha 5 Aprili. Gawio la kati ya mwaka huhesabiwa katika mwaka lilipolipwa, hivyo siku chache zinaweza kubadili jibu. Kumbukumbu za kikao na za benki ziwe na tarehe sahihi.

Pili, kampuni inaweza kumchangia moja kwa moja kwenye mfuko wa pensheni. Mchango wa kampuni hauingii kwenye kipato chake.

Tatu, anaweza kuchangia pensheni yake binafsi au kutoa sadaka kwa taasisi zinazotambuliwa kupitia utaratibu wa Gift Aid. Vyote viwili hupunguza kipato kinachopimwa.

Kampuni za uchukuzi mara nyingi hupata fedha kwa mkupuo: miezi ya ukame, kisha mteja analipa kontena tano siku moja. Hapo ndipo mkurugenzi hujikuta ametoa gawio kubwa bila kuangalia jumla ya mwaka. Kabla ya kuhamisha fedha, jumlisha kwanza ulichokwisha kuchukua tangu 6 Aprili.

MASWALI YANAYOJITOKEZA

Kampuni yangu ni mpya. Sipewi muda?

Mtu aliyejiajiri bila kampuni hasumbuliwi na kima cha chini katika miezi 12 ya mwanzo ya biashara yake. Mkurugenzi hapati msamaha huo. Kisheria yeye si mtu aliyejiajiri, hata kama kampuni yote ni yake. Anayeanza biashara akiwa na mtoto mdogo na asiyekuwa na hakika ya mapato alifikirie hili kabla ya kusajili kampuni.

Naweza kujilipa mshahara wa mwaka mzima kwa mara moja, mwezi Machi?

Kwa kodi inawezekana. Kwa msaada huu ni hatari, kwa sababu unapimwa kwa miezi 3 ijayo na unatakiwa kuthibitisha upya kila baada ya miezi 3. Kupiga wastani wa mwaka ni kwa waliojiajiri. Jilipe kila mwezi. Pauni 1,047.50 kwa mwezi inatimiza 12,570 kwa mwaka.

Fedha ninazokopa kutoka kwenye kampuni zinahesabiwa?

Hapana. Mkopo wa mkurugenzi si mshahara. Usiporudishwa kwa wakati, kampuni yenyewe inatozwa kodi juu yake.

Niko kwenye likizo ya uzazi. Nimekatika?

Likizo ya uzazi, ya ugonjwa na ya mwaka huhesabiwa kuwa uko kazini. Kwa yule mtoto ambaye likizo ni yake, unatakiwa uwe unarudi kazini ndani ya siku 31 tangu ulipoomba.

Naweza kumlipa bibi wa mtoto?

Fedha za akaunti hii huenda kwa chekechea au mlezi aliyesajiliwa na aliyejiunga na mpango. Bibi aliyetoka Tanga kuja kusaidia, ambaye hajasajiliwa, hawezi kulipwa humo.

NA WANAOPOKEA UNIVERSAL CREDIT JE?

Universal Credit ni msaada mwingine wa serikali kwa wenye kipato kidogo, nao unaweza kurudisha hadi asilimia 85 ya gharama za malezi, kwa kiwango cha juu kilichowekwa. Huwezi kuupokea pamoja na Tax-Free Childcare, ingawa saa 30 za chekechea zinaweza kwenda nao.

Jambo la kuzingatia ni kwamba sheria zake humwangalia mkurugenzi kwa jicho tofauti. Kama hali yako ni sawa na ya mmiliki pekee, mapato ya kampuni yanachukuliwa kuwa mapato yako, hata ukiyaacha benki kwa jina la kampuni. Mshahara mdogo haukusaidii kuonekana mwenye kipato kidogo. Kwa hiyo mpango mmoja wa serikali unakuhesabu kama mfanyakazi, na mwingine unakuhesabu kama uliyejiajiri. Usihamishe majibu ya mmoja kwenda kwenye mwingine.

KWA WENYE BIASHARA PANDE ZOTE MBILI

Wasomaji wetu wengi wana mguu mmoja huku na mwingine kule. Mambo manne yaangaliwe.

Moja, kusajili kampuni Uingereza ukiwa Nairobi au Kampala hakukupi haki ya msaada huu. Mzazi awe anaishi Uingereza na mtoto awe anaishi naye. Mtoto aliyebaki Mwanza kwa shangazi haingii kwenye mpango.

Mbili, ni lazima wewe au mwenzi wako awe raia wa Uingereza au Ireland, au awe na hadhi ya ukaazi inayotambuliwa, au kibali kinachoruhusu kupokea fedha za umma. Wengi wenye viza ya kazi wana sharti linalowazuia. Soma hati yako ya ukaazi kabla ya kuomba, kwa sababu kuomba kinyume cha sharti kunaweza kuharibu maombi ya baadaye.

Tatu, kodi ya nyumba yako ya Kinondoni au gawio la kampuni yako ya Mombasa haviwezi kukufikisha kwenye kima cha chini. Lakini kwa mkazi wa Uingereza mwenye kipato kikubwa, vinaweza kumvusha pauni 100,000 bila kutarajia.

Nne, mwenye mshirika Uingereza afahamu sababu mshirika wake anapotaka kujiongezea mshahara na kupunguza gawio. Mshahara wake hutoka kabla faida haijagawanywa, kwa hiyo gawio la wenye hisa wote hupungua. Jambo hili liandikwe kwenye makubaliano mapema, lisije likaleta ugomvi baada ya hesabu za mwaka kufungwa.

KABLA YA KUOMBA, FANYA HAYA

Andika mshahara wa kila mzazi kwa miezi 3 ijayo bila gawio, na uulinganishe na pauni 2,644 au kiwango kipya kilichotangazwa Aprili.

Ukiwa chini, panga mshahara mpya na mhasibu, ulipwe benki, na taarifa ipelekwe HMRC kabla au siku ile ile ya malipo. Usijaze fomu kwa mshahara ambao hujaanza kujilipa wala huna mpango wa kujilipa.

Jumlisha kipato chote cha mwaka, pamoja na gawio, kuona kama unakaribia pauni 100,000.

Kwa saa 30, pata namba yako ya idhini kabla muhula haujaanza: hadi 31 Agosti kwa muhula wa Septemba, 31 Desemba kwa wa Januari, na 31 Machi kwa wa Aprili. Aliyechelewa kwa siku moja husubiri muhula mzima.

Weka alama kwenye kalenda ya kuthibitisha upya kila miezi 3. Msafirishaji aliyeko njiani, bandarini Tilbury au kwenye foleni ya Namanga, husahau kwa urahisi, na akaunti husimama.

Mhasibu anapouliza mshahara wa mkurugenzi uwekwe kiasi gani, mara nyingi huuliza juu ya faida na hisa tu. Ukiwa na mtoto, mtajie umri wake na kazi ya mwenzi wako. Hataweza kukupa jibu sahihi bila kuyajua hayo mawili.